Zawadi ya Kutengeneza kwa Mkono: Jinsi ya Kupata Inayomfaa Mtu, Kuanzia Kichanga Hadi Mzee

Zawadi nyingi za mkono huharibika kabla uzi haujaingia kwenye sindano. Mtu anaona kitu kizuri kwenye simu, kinamvutia, anakitengeneza kwa bidii, halafu ndipo anaanza kujiuliza ampe nani. Hapo zawadi imeshakuwa ya mtengenezaji, na anayepewa anabaki kutafuta pa kuiweka. Katika mwongozo huu tunakwenda kinyume. Tunaanza na mpokeaji, tunapima muda na uwezo wa mikono yako, kisha ndipo tunashika mkasi.

Kuhusu gharama, niseme mapema: kutengeneza mwenyewe si lazima kuwe nafuu. Uzi mzuri, kitambaa, gundi na fremu ukivijumlisha, mara nyingi vinazidi bei ya kitu kilichokwisha tengenezwa. Unaokoa pale tu unapotumia ulivyonavyo: mashati yaliyochoka kola lakini kitambaa bado kizima, chupa za kioo zenye mifuniko, mabaki ya mbao, picha zilizolala kwenye simu. Zunguka nyumba kwanza, ndipo uandike orodha ya kununua.

Hatua ya 1: Mchunguze mpokeaji

Wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, andika jina lake kwenye ukurasa wa daftari au kwenye simu, uwe unajaza unachokiona. Kumuuliza "unataka nini?" hakusaidii sana. Mtu mzima atakujibu "usijisumbue, chochote tu," na mtoto atakutajia alichokiona kwenye tangazo jana. Tazama mambo matatu.

La kwanza ni kinachomkera kila siku. Kuna anayetafuta funguo kila asubuhi huku amevaa viatu tayari. Kuna shangazi anayeliinua gazeti mpaka kwenye mwanga wa dirisha. Kuna dada ambaye waya wa chaja umejisokota ndani ya mkoba pamoja na kalamu, vipuli na vitambaa vya kufutia pua.

La pili ni alichokiacha. Mama aliyekuwa akichora akaacha alipopata watoto. Babu aliyekuwa na bustani, sasa mgongo haumruhusu kuinama.

La tatu ni anachokisifia kwa wengine. Mtu akisifia kitu mara moja ni adabu. Akikirudia, andika.

Sasa geuza maandishi hayo yawe vitu. Anayepoteza funguo atafaidi kibao cha mbao kilichopigwa msasa, chenye kulabu nne, cha kutundika karibu na mlango. Babu anahitaji kreti ya mimea iliyoinuliwa hadi kimo cha kiuno, apande na kumwagilia akiwa amesimama au ameketi kwenye kiti. Dada anahitaji kifuko cha zipu chenye vyumba viwili, kimoja cha waya na kingine cha vitu vidogo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji fundi aliyebobea, na vyote vitatumika kesho yake.

Kama huishi na mtu huyo, muulize anayeishi naye. Watoto ni wapelelezi hodari, ila siri haikai kwao; waulize swali bila kuwaambia sababu.

Kwa rangi, fuata kabati lake la nguo, usifuate upendavyo wewe. Kwa harufu, hakikisha kabisa kabla hujagusa sabuni au mshumaa, maana wapo ambao manukato huwaumiza kichwa au kuwawasha ngozi.

Hatua ya 2: Hesabu muda kuanzia mwisho

Chukua siku ya kukabidhi, urudi nyuma. Toa siku mbili za kufunga na kuandika kadi. Toa siku za kukausha gundi, rangi au vanishi. Kinachobaki ndicho muda wako halisi wa kazi, na huwa kifupi kuliko ulivyodhani.

Kuna vitu visivyokimbizwa. Sabuni inayotengenezwa kwa soda ya kostiki kwa njia ya baridi hukaa wiki 4 hadi 6 ikikauka kabla ya kutumika vizuri. Na kostiki yenyewe huunguza ngozi na macho, kwa hiyo si kazi ya kujifunzia na watoto mezani. Mmea unaooteshwa kwa kipandikizi nao huhitaji wiki kadhaa ili mizizi ishike, na ni busara kuotesha vitatu ili upate kimoja cha kutoa.

Kwa kazi za kufuma ipo hesabu rahisi. Skafu ya mtu mzima ina upana wa karibu sentimita 20 na urefu wa sentimita 160. Fuma sentimita 10 za kwanza huku ukitazama saa, kisha zidisha mara 16. Kama sentimita 10 zimekuchukua saa moja, mbele yako una saa 16, na bado hujahesabu simu zitakazopigwa na safu utakazofumua. Hesabu ikikataa, punguza kitu: skafu iwe kofia, blanketi liwe mto mdogo. Kofia iliyokamilika ina heshima kuliko skafu inayokabidhiwa ikiwa bado imening'inia kwenye sindano, pamoja na ahadi ya kuimalizia.

Na kama ufundi wenyewe ni mpya kwako, tengeneza cha kwanza kiwe chako. Makosa yote ya kujifunza yakae nyumbani.

Hatua ya 3: Linganisha na umri

*Kichanga hadi mwaka mmoja.* Hapa usalama unatangulia uzuri, na hapa ndipo zawadi za mkono hukosewa zaidi, kwa sababu mtengenezaji anafikiria picha itakayopigwa badala ya mtoto atakayekitia kitu mdomoni. Macho ya mwanasesere yashonwe kwa uzi, yasiwe vifungo wala shanga. Usijaze mchele, maharage wala vipande vidogo vya sponji. Tumia pamba ya kujazia, na mshono urudiwe mara mbili. Kamba na tepe ziwe fupi sana, au zisiwepo kabisa, kwa kuwa kamba ndefu inaweza kumzunguka mtoto shingoni. Mito, wanasesere na blanketi nene visiwe mahali anapolala mtoto ambaye hajafikisha mwaka. Kwa hiyo ukimfumia blanketi, andika kwenye kadi kwamba ni la kutandika sakafuni anapocheza.

Macho ya mtoto mchanga huona vizuri vitu vilivyo kati ya sentimita 20 na 30 hivi, na huvutwa na tofauti kali ya mwanga na giza. Kwa hiyo kitabu cha kitambaa chenye kurasa nne za maumbo meusi juu ya meupe kitamfaa kuliko kile cha rangi za kufifia zinazowapendeza wakubwa. Tumia pamba tupu, iliyofuliwa kabla ya kukatwa.

Wala usiwasahau wazazi. Vitambaa sita vya kumfuta mtoto, vya pamba laini vilivyopindwa kingo, vitamaliza kazi yao mpaka vichanike. Hiyo ndiyo sifa ya zawadi nzuri kwa nyumba yenye mtoto mchanga. Ukitaka kuwapelekea chakula nao wana kichanga, kumbuka kwamba asali haipewi mtoto wa chini ya miezi 12, hata tone, kwa hatari ya botulini, sumu kali inayotokana na bakteria.

*Mwaka mmoja hadi mitatu.* Kipimo cha nyumbani ni kile kibomba cha kadibodi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa umri huu. Betri ndogo za duara na sumaku ndogo zisikaribie kabisa. Zinapomezwa huharibu utumbo na koo kwa saa chache. Tengeneza vitu vikubwa, vizito kidogo, vya kujaza na kumwaga: boksi lenye tundu pana na vifuniko vikubwa vya kudumbukiza, matofali ya mbao yaliyopigwa msasa mpaka kiganja kisihisi mkwaruzo. Kama unapaka rangi, hakikisha kopo limeandikwa kuwa inafaa kwa vitu vya watoto. Rangi kuukuu ya stoo isiyojulikana ilikotoka iache hukohuko, huenda ina madini ya risasi yenye sumu.

*Mitatu hadi sita.* Umri huu ni raha ya mtengenezaji, kwani chochote kinachogeuka mchezo kinapokelewa kwa shangwe. Unga wa kufinyangia ni kazi ya dakika 15: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, kijiko kikubwa 1 cha mafuta, na maji ya uvuguvugu yasiyozidi kikombe 1, uyatie kidogo kidogo huku ukikanda mpaka uache kushika vidole. Gawanya, tia rangi ya chakula, funga kwenye kopo lisilopitisha hewa. Chumvi ni nyingi, kwa hiyo si wa kula, na usiachwe mbwa anapofika.

Kingine ninachokipenda zaidi ni karata za sura. Chagua watu 12 anaowajua mtoto, chapisha kila picha mara mbili, bandika kwenye vipande vya kadibodi vya sentimita 7 kwa 7. Unapata karata 24 za mchezo wa kutafuta pacha: zinalazwa kifudifudi, mchezaji anafunua mbili, zikilingana anazichukua. Mtoto wa miaka mitatu mwanzishie na jozi sita tu. Bibi anayeishi mbali anakuwa mtu wa kila jioni, anatafutwa kwa jina, na mtoto hamsahau sura.

*Saba hadi kumi na mbili.* Mpe kazi halisi. Kifaa cha kuchezea kinachoiga cha wakubwa hakimdanganyi tena. Kiboksi cha kushonea chenye sindano nene, nyuzi, vifungo, mkasi unaokata kweli, na kifuko ambacho wewe umekishona nusu ili yeye amalizie, kitamshika mchana mzima. Weka humo kadi iliyoandikwa siku mtakayoketi pamoja kumalizia.

*Vijana.* Huko nyuma nilisema fuata kabati lake. Kwa kijana lifuate mara mbili. Anataka kitu kisichoonekana kama kimetoka kwa mzazi. Rangi moja iliyokolea, mistari michache, bila jina lake kutariziwa kwa herufi za kuvutia. Begi la kitambaa kigumu, daftari la kushonwa kwa mkono (tutalifikia), kishikio cha simu cha mbao. Picha zake za utotoni usizitundike popote bila ruhusa yake.

*Watu wazima wenye shughuli.* Wengi wao vitu wanavyo, wanachokosa ni muda. Zawadi inayowagusa ni kazi yako: kumtunzia watoto Jumamosi moja, kumpangia picha zake 3,000 zilizorundikana kwenye simu, kumpikia na kumjazia friji. Ukiandika kuponi, yaani kikaratasi cha kuahidi kazi hiyo, iwe na tarehe. Kuponi isiyo na tarehe huishia kwenye droo, kwa sababu anayeipewa huona haya kudai. Andika "Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, nitafika saa tatu asubuhi, kama haikufai tutabadilishana siku," nawe umelibeba lile gumu la kuomba.

Kwa mwenye shingo inayokaza, shona kifuko cha sentimita 12 kwa 45 kwa kitambaa cha pamba tupu na uzi wa pamba, ukijaze mchele mkavu usiopikwa hadi theluthi mbili, uache nafasi ya kujikunja, kisha uzibe. Kikipashwa dakika moja kwenye maikrowevu hutoa joto zuri. Andika kwenye lebo: kipime kwanza kwenye kifundo cha mkono, kisipashwe bila kuangaliwa, kisitumiwe na mtu aliyepungua hisia kwenye ngozi.

Wapenzi wa kujipodoa unaweza kuwachanganyia sukari vipimo viwili na mafuta ya nazi au ya zeituni kipimo kimoja kwa ajili ya kusugulia mikono na miguu. Maji yakiingia kwenye chupa, ukungu huota, hivyo funga pamoja nayo kijiko kidogo cha mbao. Mzee usimpe: mafuta yakidondoka kwenye sakafu ya bafu yanateleza vibaya.

*Wazee.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wazee hupewa zawadi zilezile kila mwaka mpaka kabati linafurika soksi na kanga. Mengi ya wanayoyahitaji yanahusu macho, vidole na kumbukumbu.

Macho: chochote chenye maandishi kiandikwe kwa herufi kubwa, ukubwa wa 16 hadi 18 kwenye kompyuta, nyeusi juu ya nyeupe isiyong'aa. Orodha ya namba za simu za familia, yenye sura ya kila mtu pembeni ya namba yake, ikatundikwa karibu na anapoketi, itafanya kazi kila siku.

Vidole: baridi yabisi hufanya vifungo vidogo, zipu nyembamba na vishikio vyembamba kuwa mateso. Chukua sweta lake alipendalo, uondoe vifungo vidogo na kushona vikubwa, ukipanua na matundu yake. Kwenye zipu ya koti funga kitanzi cha kamba nene cha kuvutia. Shughuli hii ni ndogo, na huenda ndiyo zawadi itakayotajwa mwaka mzima.

Miguu inayosikia baridi: blanketi dogo la kuweka mapajani, karibu sentimita 90 kwa 120. Lisiwe refu zaidi kwa mtu wa kiti cha magurudumu, wala lisiwe na mashada pembeni, litanaswa na magurudumu.

Kumbukumbu: tengeneza albamu yenye picha moja tu kila ukurasa, na chini yake jina na uhusiano: "Huyu ni mtoto wa dada yako." Ukikaa naye kuitazama, mtajie wewe mwenyewe jina la aliye pichani. Swali la "unamkumbuka huyu?" linamtahini mtu aliyekuwa amestarehe. Na kabla hujaenda kuchapisha, chunguza ukubwa wa picha. Ili picha ya sentimita 10 kwa 15 itoke kali, inahitaji karibu pikseli 1,200 kwa 1,800. Picha nyingi zilizotumwa kwa programu za ujumbe hupunguzwa zikiwa njiani, kwa hivyo mwombe aliyepiga akutumie ile ya asili kama faili.

Zawadi nyingine kwa mzee ni kumsikiliza. Andaa maswali kumi yanayomwuliza vitu vya kushikika: nyumba mliyokulia ilikuwa na milango mingapi, nani alikuwa mkali shuleni, nguo gani uliivaa mpaka ikaisha. Mrekodi kwa simu, siku mbili tatu, saa moja moja tu ili asichoke. Yaandike aliyoyasimulia, uyachapishe kwa herufi kubwa, ushone kitabu, na kila mtoto wake apate nakala.

Hatua ya 4: Shona daftari

Nimelichagua daftari kwa sababu linamfaa mtoto wa shule, kijana, mama mwenye mapishi yake na babu mwenye hesabu zake. Halidai cherehani, na linaisha jioni moja.

Tafuta karatasi 8 za A4, kadi moja ngumu ya A4 kwa jalada, sindano nene, uzi imara wa katani au pamba wa sentimita 65 hivi, rula, penseli, na kitu chenye ncha kali cha kutobolea, mfano pini nene au msumari mwembamba.

1. Kunja kila karatasi katikati, ukingo mfupi ukutane na ukingo mfupi, moja moja, ukikandamiza mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Zikikunjwa zote nane kwa pamoja, mkunjo hujaa hewa na daftari hupanuka kama limelowa. Zipachike moja ndani ya nyingine. Umepata kurasa 32 za ukubwa wa A5.

2. Kunja jalada. Kwanza pitisha ncha butu ya mkasi kando ya rula kwenye mstari wa katikati, kidogo tu, ili kadi ikubali kukunjika bila kupasuka. Valisha karatasi.

3. Fungua daftari katikati. Mkunjo una urefu wa sentimita 21. Tia alama tatu: moja kwenye sentimita 10.5, nyingine sentimita 4 kutoka juu, ya mwisho sentimita 4 kutoka chini. Toboa kwa ncha kali kupitia karatasi zote na jalada, ukilenga mkunjo wenyewe. Weka kadibodi nene chini ili meza isidhurike. Tundu likikwepa mkunjo hata milimita mbili, jalada litakaa upande.

4. Ingiza sindano kutoka ndani kwenye tundu la katikati, itokee nje. Acha mkia wa uzi wa sentimita 8 ndani.

5. Irudishe ndani kupitia tundu la juu. Sasa shuka kwa ndani, ulipite tundu la katikati bila kuligusa, mpaka tundu la chini, utokee nje.

6. Rudi ndani kupitia tundu la katikati. Angalia sindano isiutoboe uzi uliopo. Ndani sasa kuna uzi mmoja mrefu ulionyooka kutoka juu hadi chini, na ncha mbili zinazotoka tundu la katikati.

7. Weka ncha moja kushoto mwa ule uzi mrefu, nyingine kulia. Vuta kwa kufuata mstari wa mkunjo. Ukivuta kwa kwenda juu utaipasua karatasi. Funga fundo mara mbili juu ya uzi mrefu, ukate ukiacha sentimita moja.

8. Kingo za karatasi za ndani zitakuwa zimejitokeza kidogo kuliko za nje. Ni kawaida. Bana daftari chini ya rula ya chuma, ukate ukingo huo kwa kisu kikali, mara nyingi kwa mikato myepesi badala ya mkato mmoja wa nguvu.

Ukurasa wa kwanza usiuache mtupu, maana daftari safi sana huogopesha. Andika kitu wewe: mstari wa kuanzia, au kwa mwenye kupika, lile pishi lake alilowahi kukueleza kwa mdomo tu.

Hatua ya 5: Malizia kwa ukali

Tofauti kati ya kitu cha mkono kinachotumika na kile kinachoonewa huruma iko kwenye umaliziaji. Pitisha kiganja kwenye mbao zote, ukihisi mwiba rudi kwenye msasa. Kata nyuzi zinazoning'inia. Piga pasi kila mshono, hata ule wa ndani usioonekana.

Kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa, kwani pamba hunywea mara ya kwanza na rangi kali huchuja. Ili kuijaribu rangi, lowesha kipande cheupe, kilaze juu ya kitambaa, kipige pasi ya moto. Cheupe kikipata rangi, fua tena kitambaa chako hadi kisitoe rangi.

Vyakula vina sheria zake. Kila chupa iwe na lebo yenye viungo vyote, hasa karanga, maziwa, mayai, ngano na ufuta, pamoja na tarehe ya kutengenezwa. Mafuta yaliyotiwa kitunguu saumu kibichi na kuachwa kabatini usimpe mtu. Yanapendeza kwenye kioo, lakini mazingira hayo yasiyo na hewa huruhusu sumu ya botulini, nayo haibadilishi ladha wala harufu. Vitu vikavu ndivyo salama kwa mwanzaji: mchanganyiko wa biskuti uliopangwa tabaka kwa tabaka kwenye chupa, majani ya chai na viungo vyake.

Hatua ya 6: Kadi

Iandike kwa mkono hata kama mwandiko wako ni mbaya. Sentensi tatu zinatosha: jambo moja mahususi unalolikumbuka kuhusu mtu huyo, kwa nini ulichagua kitu hiki, na namna ya kukitunza. "Ulinishikia baiskeli mpaka mwisho wa barabara ukaniachia bila kuniambia" inasema zaidi ya mistari kumi ya kumsifu kuwa ni mwema. Maelezo ya utunzaji (kifuliwe kwa maji baridi, kisianikwe juani) yanampa uhuru wa kukitumia bila hofu ya kukiharibu.

Kasoro zake usizitaje, si kwenye kadi wala mbele yake. Ukimwonyesha pale mshono ulipopinda, hataona kingine.

Hatua ya 7: Funga na ukabidhi

Kwenye kufunga sina mengi. Karatasi ya kaki na kamba, au kitambaa ambacho nacho kitatumika. Mzee na mtoto wafungie kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, bila gundi ya utepe kuzunguka kila upande.

Zawadi inayosafiri ifikirie njia. Mishumaa na mafuta ya nazi hulainika kwenye joto, basi visitumwe msimu wa jua kali. Chupa ya kioo ifungwe kwa nguo iliyo sehemu ya zawadi, izungukwe kwa karatasi zilizokunjwakunjwa, kisha utikise boksi: ukisikia kitu kinacheza, ongeza. Andika jina na anwani pia kwenye karatasi ya ndani, maana lebo ya nje hubanduka. Na mwambie mpokeaji kuna mzigo unakuja, bila kusema ni nini, asije akaondoka nyumbani siku utakapofika.